Nakshi ya Shilingi Arobaini

Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, Desemba 2003, Benki Kuu ilitoa sarafu ambayo thamani yake haikuwahi kutumika kabla: shilingi arobaini. Upande mmoja una sura ya Mwai Kibaki, aliyekuwa hajamaliza mwaka Ikulu. Upande wa pili una nembo ya taifa. Ni ya metali mbili za rangi mbili, moja ya kifedha na nyingine ya kidhahabu, moja imeikumbatia nyingine. Katika sarafu zetu za matumizi ya kila siku, hii ndiyo pekee iliyobeba uso wa Kibaki, kwa sababu zile zilizofuata kuanzia 2005 zilirudi kwa Mzee Jomo Kenyatta. Siku hizi ni nadra kurudishiwa moja kwenye chenji ya matatu. Walionazo wamezitia mikebeni na kwenye droo, na hawazitoi.

Bei yake kwa wakusanyaji hainishughulishi sana. Kinachonivuta ni kazi ya mikono iliyomo, kazi ambayo watu wengi wa Nakuru waliishika, wakailipia nauli, wakainunulia sukuma wiki, bila mtu kuwaambia kwamba wameshika sanaa ya uchongaji.

Hebu iweke chini ya kioo cha kukuzia, nembo ikiwa juu. Simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, kila mmoja na mkuki wake, wameishika ngao kutoka kulia na kushoto. Katikati ya ngao yupo jogoo aliyeshika shoka. Chini ya miguu ya simba ni Mlima Kenya, na mbele ya mlima yamepangwa mazao ya nchi: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Chini kabisa umetandazwa utepe wenye neno Harambee. Sarafu nzima haifiki upana wa sentimita tatu, na nembo haikupewa sarafu nzima. Ua la pareto limetengewa nafasi ya kama milimita moja. Mchongaji angeweza kuweka nukta tu akaendelea na safari, maana nani angemkamata? Hakufanya hivyo.

Ua hilo linatuhusu sisi wa huku kuliko wengine. Pareto ililimwa kwenye baridi ya Molo, Elburgon na Mau Narok, ikasindikwa hapa mjini, na kwa miongo kadhaa Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo. Kuna nyumba Nakuru zilizojengwa kwa pareto na watoto waliosomeshwa nayo. Walioichuma wakati huo walikuwa wamebeba picha ya shamba lao mfukoni, ndogo kiasi kwamba jicho la kawaida huipita.

Rangi nazo ni mtihani. Ngao ya Kenya ina nyeusi, nyekundu na kijani, na kati yake michirizi myeupe, lakini metali haina rangi za kugawa. Wachonga nembo wa Ulaya walilitafutia jambo hili dawa tangu karne ya 17: mistari ya wima husimama badala ya nyekundu, ya mshazari badala ya kijani, na mistari ya wima inayokatana na ya mlalo badala ya nyeusi. Anayeijua ada hiyo huweza kusoma rangi za bendera kwenye kipande cha chuma kisichopakwa rangi hata tone.

Kazi yenyewe huanza kubwa, ndipo ipunguzwe. Mchoro wa penseli ukishakubaliwa, mchongaji huketi na udongo laini juu ya ubao, akaijenga picha kwenye duara la sentimita ishirini au zaidi. Hapo ana nafasi ya kuyafanya manyoya ya simba yawe manyoya. Humwaga jasi juu ya udongo, akapata kinyume chake. Hukisafisha kinyume hicho, akamwaga jasi tena. Kila zamu ni nafasi ya kusahihisha kwa kijiti na kisu kidogo. Mwinuko anaocheza nao ni mdogo mno, kwa sababu ukishapunguzwa hadi ukubwa wa sarafu, umbali kutoka uwanja mtupu hadi ncha ya pua ya mtu ni sehemu tu ya milimita. Ndani ya sehemu hiyo ya milimita lazima atie paji la uso, shavu, sikio lililo nyuma ya shavu, na kola ya shati iliyo chini ya vyote. Jicho letu linadanganywa na kivuli. Mchongaji hodari huchonga kivuli, na umbo hufuata lenyewe.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kielelezo hicho kikubwa kilipelekwa kwenye mashine iliyobuniwa na Mfaransa Victor Janvier. Kielelezo kilizunguka polepole, ncha butu ikitambaa juu yake, ikipanda penye mwinuko na kushuka penye bonde. Upande wa pili wa mashine ncha kali ilipanda na kushuka vivyo hivyo ndani ya chuma cha pua, ila kwa ukubwa wa sarafu yenyewe. Ilitambaa hivyo saa nyingi, kuanzia katikati hadi ukingoni, na mtu wa kuisimamia hakuwa na ruhusa ya kuwa na haraka. Leo kompyuta imechukua sehemu kubwa ya safari hiyo. Uamuzi wa kipi kibaki na kipi kiondolewe bado ni wa mtu.

Chuma hicho ndicho huzaa muhuri mama, na mama huzaa mihuri ya kazi, inayopashwa moto na kupozwa ili iwe migumu kuliko metali itakayopigwa. Kila hatua hugeuza picha: kilichonyanyuka kinazama, cha kulia kinakwenda kushoto. Nakuru tuna mafundi wa mihuri ya ofisi, wanaokaa vibandani katikati ya mji wakikata herufi kinyume ili zikigongwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Mtazame mmoja wao akikata herufi R. Hasomi neno, anafuata umbo, na mkono wake umeshazoea kuuona ulimwengu kwa upande wa nyuma. Mtengeneza sarafu ana mazoea hayohayo, ila yeye ameongezewa kina. Lazima afikirie kinyume na afikirie shimo kwa wakati mmoja.

Halafu kuna jambo ambalo halionekani kabisa, nalo ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Sarafu ina pande mbili, na pande hizo zinagombania metali ileile. Muhuri unaposhuka, metali hukimbilia kwenye mashimo: shavu la rais upande huu linaitaka, ngao upande ule inaitaka. Mashimo marefu yakiangaliana mgongo kwa mgongo, metali haitoshi, na upande mmoja hutoka umefifia mahali fulani kama kwamba muhuri umechakaa. Kwa hiyo fundi hawezi kuchonga uso bila kujua nyuma yake pana nini. Anapoweka jogoo anakumbuka pua. Anapoweka herufi za ukingoni anazipima na herufi za upande wa pili. Ukingo nao huachwa juu kidogo kuliko picha, ili sarafu ikilala mezani au ikisuguana na nyenzake mfukoni, ukingo ndio uchakae kwanza na uso usalimike.

Shilingi arobaini ina ugumu wa ziada, kwa kuwa pete ya nje na moyo wa ndani huingia mashinani vikiwa vipande viwili. Hakuna gundi wala kuchomelea. Visahani vitupu vimekwisha kukatwa kwenye bamba, vikapashwa moto vilainike, vikaoshwa. Kisha moyo huwekwa ndani ya pete, pete ndani ya kola ya chuma inayouzuia ukingo usitanuke, na mihuri hukutana kwa nguvu ya makumi ya tani. Pigo lilelile linalochapa sura ndilo linaloilazimisha metali moja kujibana ndani ya nyingine, na hapo ndoa imefungwa. Mashine za kisasa hupiga mamia ya sarafu kwa dakika. Miezi ya mtu aliyeinama juu ya udongo hupita kwa kishindo kisichofika nukta moja ya saa. Sarafu yangu mwenyewe nimeisukuma moyo kwa dole gumba mara nyingi, na haujatikisika.

Anayejua ubora wa kazi hii kuliko wakusanyaji ni makanga. Mtazame wa gari la Nakuru kwenda Naivasha usiku, taa za ndani zimezimwa, mkono mmoja umeshika mlango. Anatenganisha kobole na ashu, yaani shilingi tano na kumi, kwa ncha za vidole, bila kutazama. Anasoma upana, unene, uzito, na meno ya ukingoni kama yapo au hayapo. Vyote hivyo viliamuliwa na mtu mezani ili kipofu na mtu wa gizani wasidhulumiwe. Sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 ziliundwa kwa kuwafikiria wasioona pia, na hilo nalihesabu katika usanii, kwa kuwa kazi inayosomwa kwa kidole ni ngumu kuliko inayosomwa kwa jicho.

Sarafu hizo za 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Hazina uso wa mtu, kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Kifaru wa shilingi tano ni jirani yetu kabisa. Hifadhi ya Ziwa Nakuru imekuwa makimbilio ya vifaru tangu miaka ya 1980. Ni kazi safi, na naipenda. Lakini haikumbushi tukio. Twiga, kifaru, simba na ndovu walikuwako kabla ya Kenya, na sarafu ya ukumbusho ina wajibu mwingine: kushika siku fulani isipotee.

Bonde letu limezoea sarafu kuwa mashahidi. Nje kidogo ya mji, Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba kuanzia 1937, zilipatikana sarafu sita za Kihindi, ushahidi kwamba biashara ya pwani ilikuwa na vidole virefu. Katika mikebe ya wazee bado utaikuta ndururu, senti tano ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Kuna za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu kabla ya kutawazwa rasmi. Kwa kuwa tundu lilikaa mahali pa kichwa, hakukuhitajika picha yake, jina lilitosha, na ndiyo sababu zilifuliwa mapema hata akawa ameacha kiti zikiwa tayari zimeingia mikononi mwa watu. Vibarua wa mashamba ya walowezi waliishi kwa senti hizo.

Vibarua hao ndio wanaonirudisha kwenye shilingi arobaini. Miaka 40 ya uhuru ilihesabiwa kuanzia 1963, lakini uhuru huo ulianza kudaiwa huku kabla ya hapo. Olenguruone, kwenye miinuko ya Mau, familia zilizopewa vipande vya ardhi katika miaka ya 1940 zilikataa masharti ya serikali ya kikoloni, zikala kiapo cha umoja, wanawake na watoto wakiwemo, kisha zikafukuzwa. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota, alionyesha jinsi mizizi ya uasi wa Mau Mau ilivyopita katika mashamba ya Bonde la Ufa. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, usiku uleule wa mauaji ya Lari, wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki na kuwafungulia waliokuwa wamefungwa. J. M. Kariuki, mzaliwa wa upande huu, alikamatwa mwaka huohuo na kukaa vizuizini miaka saba. Kitabu chake, Mau Mau Detainee, kilitoka 1963.

Marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950, iliondolewa mwaka 2003. Yaani mwaka uleule wa shilingi arobaini. Serikali iliyowaruhusu wapiganaji kutajwa tena kisheria ndiyo iliyotoa sarafu ya uhuru, na kwenye sarafu hiyo wapiganaji hawamo. Hakuna sarafu ya mzunguko ya Kenya iliyowahi kubeba jina la uasi huo. Naliona hilo kuwa pengo, na nasema hivyo nikiwa naipenda sarafu yenyewe.

Wengine hawakungoja. Waslovakia waliinuka dhidi ya Wanazi na serikali iliyoshirikiana nao tarehe 29 Agosti 1944. Ndani ya miezi miwili makao yao, Banská Bystrica, yalikuwa yameanguka, na waliosalia wakapanda milimani kuendelea na vita, jambo ambalo mtu wa Nyandarua, ambako wapiganaji wetu waliingia msituni, hahitaji kufafanuliwa. Lakini mwaka 1947, miaka mitatu tu baadaye, Chekoslovakia ilitoa sarafu ya fedha ya korona 50 kwa ajili ya uasi huo, na 1964 ikatoa ya korona 10 kwa miaka 20. Zilifuliwa Kremnica, mji wa milimani ambao kiwanda chake cha sarafu kimekuwa kikifanya kazi tangu 1328. Yaani uasi ulioshindwa vitani uliwekwa mikononi mwa mafundi wenye urithi wa miaka mia sita, tena waliotoka nchi ileile iliyoinuka. Hapa jirani, Tanzania ilitoa mwaka 2014 sarafu ya shilingi 500 yenye sura ya Abeid Karume, nusu karne baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwenye kununua maandazi Darajani humwona Karume kila siku.

Sisi hatuna Kremnica. Tangu zile za kwanza za 1966, zilizofuliwa na Royal Mint ya Uingereza, tumekuwa tukiagiza sarafu zetu ng'ambo. Kufua nje ni hesabu ya gharama, na sina ugomvi nayo. Kubuni na kuchonga kielelezo ni jambo jingine. Hilo linahitaji udongo, jasi, mwanga mzuri wa dirishani na mtu mwenye subira, na vyote hivyo tunavyo.

Katiba imefunga mlango wa nyuso, na kwa maoni yangu imemfanyia mchongaji hisani. Uso wa Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, tungeuzoea kama tulivyozizoea nyuso nyingine. Bila uso, fundi atalazimika kutafuta kitu. Anaweza kuchagua tao la migomba ambalo walioapa walipita chini yake. Tao lingefuata ukingo wa sarafu vizuri sana, lakini kiapo kiliwaunganisha watu na pia kikawatisha na kuwagawa, na sarafu haina nafasi ya kueleza hayo yote. Anaweza kuchagua bunduki ya kujitengenezea, mtutu wa bomba la maji na komeo la mlango, kazi ya mafundi wa msituni. Hiyo ingependeza kwa macho, ila ingesema vita tu.

Mimi ningemwomba achonge kipande. Tangu 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na cheti chake ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Mashamba yote ya kuanzia Naivasha hadi Molo yaliendeshwa na watu wenye vikasha hivyo. Mstatili mdogo ndani ya duara, kifuniko kimeachwa wazi, hakina kitu ndani, kamba imekatika na ncha zake zimechambuka nyuzi. Nyuzi hizo zingekuwa mtihani wa mchongaji kuliko manyoya ya simba. Kuzunguka kikasha asiweke chochote. Uwanja mtupu wa sarafu, ukisuguliwa vizuri, hushika mwanga kuliko picha yoyote, na fundi anayejua kazi yake huogopa kuujaza. Maneno yawe machache: Olenguruone, Naivasha, Nyandarua, na mwaka.

Tarehe 20 Oktoba 2027 inatimia miaka 75 tangu serikali ya kikoloni itangaze Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau. Bado wapo wazee na nyanya, huku kwetu na ng'ambo ya Nyandarua, walioiona kwa macho yao, na wanaweza kuishika sarafu hiyo mikononi ikiwa itatoka kwa wakati. Naiomba Benki Kuu itangaze shindano lililo wazi kwa wachongaji wa Kenya, wa vyuoni na wa jua kali, ilipe vielelezo vizuri hata visivyoshinda, na ivionyeshe Nakuru kabla ya kuvipeleka ng'ambo kufuliwa. Kazi ya namna hii haiharakishwi, kwa hiyo ianze sasa.